Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Mwanafunzi mpenzi, methali hii bila shaka umekwisha kuisoma. Mbachao ni mbacha wako, yaani mkeka wako uliochakaa. Msala ni mkeka wa kusalia. Anayeonywa ni yule atupaye kilicho chake kwa kutamani kizuri cha mpita njia. Leo naielekeza kwa Bodi ya Utalii ya Uganda.

Sheria ya Utalii ya 2008 imeipa bodi hiyo jukumu la kuitangaza nchi, na kuvutia mikutano ya kimataifa ni sehemu ya kazi hiyo. Mafanikio yapo, wala siyakani. Januari 2024, viongozi wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote walikutana Munyonyo, hapa Kampala. Mara wakafuata wa Kundi la 77 na China. Lakini nchi hii inatangazwa kwa nani, na kwa lugha gani? Kaulimbiu iliyozinduliwa Januari 2022 ni ya Kiingereza: Explore Uganda, the Pearl of Africa. Hata hiyo lulu ni sifa iliyoenezwa na Winston Churchill katika kitabu chake cha mwaka 1908. Twajitazama kwa jicho la mgeni wa jana, kisha twamwita mgeni mwingine wa mbali.

Huku jirani amesimama mlangoni. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, ambao wengi wao walihukumiwa Munyonyo hiyo hiyo, Mei 1886. Wapo watokao Kenya na Tanzania, wengine kwa miguu. Hujaji wa Bukoba au Kisumu huuliza njia kwa Kiswahili. Hulala katika nyumba ndogo ya wageni, hula kibandani, hupanda bodaboda; fedha yake humfikia mwananchi bila kupitia kwa wakala wa ng'ambo.

Wapo wasemao kwamba mtalii wa kweli hutoka Ulaya au Marekani. Si kweli. Wageni wengi waingiao Uganda ni Waafrika, hasa wa nchi jirani. Wapo pia wasemao kwamba Kiswahili hukumbusha bunduki na utawala wa Idi Amin. Maumivu hayo siyadharau. Hata hivyo, lugha haina hatia ya waliotoa amri kwayo, na hakuna njia njema zaidi ya kuisafisha kuliko kuitumia kumkaribisha mtu.

Tena hili si ombi la fadhila. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Serikali inayomlazimisha mtoto kujifunza lugha, kisha ikaiacha nje ya mlango wa ofisi zake, inamfundisha unafiki.

Basi mabango, vijitabu na matangazo ya bodi yaandikwe pia kwa Kiswahili, na wakalimani wa mikutano waajiriwe miongoni mwenu. Nawe usingoje. Iandikie bodi barua fupi, yenye adabu na hoja, kwa Kiswahili sanifu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni atajuaje kwamba ameitwa, ikiwa hatumwiti kwa lugha yake?