Tufungue macho juu ya batri za kununua kwa telefone



Kule kazini hakuna mtu anayeshuka shimoni na lampe isiyojulikana. Kila lampe ina namba yake, inachajiwa mahali pake, na ukiirudisha imepasuka, mtu wa lampisteri hakuachi upite mbele ya kukuuliza. Tumezoea hivyo hata hatuoni tena kama ni sheria. Lakini tukifika nyumbani tunavua kaske, na akili ya kazi tunaiacha ndani ya kaske.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililofika nyumbani kwangu. Mtoto wangu wa kwanza anasoma chuo kikuu. Batri ya ordinatere yake ilichoka: ukiondoa prizi, yote inazimika, na ninyi mnajua namna umeme unavyokatika kwetu. Mtoto akatafuta katika telefone, akamwona muuzaji mwenye picha nzuri na bei nusu ya ile tuliyoambiwa dukani mjini. Pesa ikatumwa kwa telefone vilevile. Nyuma ya wiki tano batri ikafika, imefichwa katikati ya nguo ndani ya balo. Boksi ilikuwa safi, wameandika kwamba ni ya asili. Mtoto alifurahi. Na mimi nilifurahi, sisemi uongo, kwa sababu franga ni zangu.

Wiki ya tatu mama yake akaona kibodi imeinuka katikati, sawa unga wa mikate uliochachuka. Ordinatere ilikuwa juu ya matela, inachajiwa, na wadogo wawili wamelala kando yake. Akachomoa prizi, akaitoa nje na kitambaa mkononi. Haikuwaka. Ndilo neno tu tunaloweza kusema: haikuwaka.

Siku ile nikachukua batri ya zamani na ile mpya, nikasoma etiketi zote mbili. Kazi hii ningeifanya mbele, na kalamu ya risasi ingetosha. Ya zamani iliandikwa volti 11.4, mAh 3600, Wh 41. Ukizidisha volti na mAh, kisha ukagawanya kwa 1000, unapata karibu 41. Hesabu inakubali. Ile mpya, yenye ukubwa uleule, iliandikwa volti 11.4, mAh 6000, na chini yake Wh 41. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe: inatoka 68. Basi karatasi moja ilikuwa inajipinga yenyewe, na mimi nililipa.

Kuna ordinatere zingine, zaidi zile za zamani, ambazo batri yao ina selo za mviringo, upana milimita 18, urefu milimita 65. Selo ya namna hiyo, hata ikiwa ya fundi hodari, kwa kawaida inaishia karibu mAh 3500. Selo sita zinawekwa mbili mbili, kwa hiyo batri kwa kawaida haipiti karibu mAh 7000, na nyingi za kweli zina 4400 ao 5200. Mtu akikuandikia 9000 juu ya selo sita, hana haja ya kukuambia jambo lingine.

Ajabu ni kwamba ndani ya batri nyingi za ordinatere mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, upande wa Kolwezi, Tenke na Fungurume. Inapita Kasumbalesa kwa malori, nyingi inasafishwa Uchina, kisha inaturudilia ndani ya telefone na ordinatere. Sisi tunaijua ikiwa udongo. Tabia yake ikisha kufungwa ndani ya batri, hatukufundishwa. Kati ya pande mbili za selo kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Utando ukitoboka, ao selo ikijazwa umeme kupita kipimo, joto linapanda lenyewe, na ile kobalti iliyoungana na oksijeni inaachilia oksijeni yake. Ndiyo maana moto wa batri haufi ukifunikwa blanketi: unabeba hewa yake ndani. Na moshi wake ni sumu.

Batri nzuri ina kibao kidogo ndani yake kinachokata umeme mbele ya hatari. Sasa mtu anayetaka kuuza kwa nusu ya bei, atapunguza wapi? Atapunguza pale macho yako hayafiki.

Wengine watajibu kwamba hata wakubwa wanakosea. Ni kweli. Mwaka 2006 kampuni Dell ilirudisha batri milioni 4.1 zenye selo za Sony, kwa hofu ya moto. Chembe ndogo za chuma zilikuwa zimeingia ndani ya selo. Lakini angalieni vema: waliweza kuzirudisha kwa sababu kila batri ilikuwa na namba, na mnunuzi alijua mlango wa kugonga. Batri ya mtoto wangu, nani ataiita irudi? Telefone ya yule muuzaji haijibu tena.

Hata safari yake ilitosha kutuamsha. Tangu Aprili 2016, batri za lithiamu zinazotumwa peke yake zimekatazwa kuwa mizigo ndani ya ndege za abiria. Kwa nini basi zinafichwa katikati ya nguo? Mimi nasema muuzaji anayeficha batri kwa watu wa ndege, atakuficha na wewe.

Sisemi tusinunue kabisa. Ordinatere nyingi ni za miaka mingi, na batri yake huikuti dukani Likasi wala Kolwezi. Lakini mbele ya kutuma pesa, omba picha ya etiketi, si ya boksi, na ufanye ile hesabu. Linganisha na etiketi ya zamani: volti ziwe zilezile, na mAh zisizidi sana. Uliza jina la kiwanda, uliza kama batri ilipita majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayoitwa UN 38.3, uliza nani atarudisha franga ikiharibika. Akikasirika kwa maswali, umekwisha kupata jibu. Ikifika, ichajiwe mara za kwanza mchana, juu ya sima, mtu akiwa macho karibu nayo. Kitandani hapana, hata siku moja. Ikivimba, usiifinye, usiitoboe, usiichaji tena, wala usiitupe katika shimo la takataka tunapochoma majani. Ikiwaka, toeni watoto kwanza, kateni umeme, kisha maji mengi kutoka mbali, bila kuvuta moshi.

Ile yetu ingali ndani ya bidoni ya chuma yenye mchanga, nyuma ya nyumba, mbali na ukuta. Niliuliza mjini nani anazipokea. Fundi mmoja alicheka, mwingine alitaka kuifungua anionyeshe ndani, nikakimbia naye mbali. Lakini kazini tuna mahali pa kuweka batri za lampe zilizokufa, na watu wanaojua kuzishika. Tunaomba wakubwa wa usalama wafikiri jambo hili: sanduku moja la chuma mlangoni, siku moja kwa mwezi, kwa batri za nyumba zetu. Nikisikia limewekwa, yangu itakuwa ya kwanza.