Unachokiona kwenye picha ya studio sicho kilichotoa wimbo

Kuna kijana mtaani kwetu, prodyusa chipukizi, ambaye kila nikimpata kibarazani huwa ameinamia simu. Si mechi anayotazama. Anakuza picha za studio za wasanii wa muziki wa elektroniki, anazivuta hadi zinabaki vidoti vidoti, akitafuta jina la kile kisanduku kilicho nyuma ya bega la msanii.

“Buda, cheki hizo rangi za vitufe,” aliniambia juzi. “Hiyo lazima ni Roland.”

Alikuwa sahihi, lakini tatizo haliko hapo. Mwaka jana alichukua mkopo wa simu, akaongezea pesa ambazo mamake alikuwa amepokea kwenye chama, akanunua mashine ya midundo aliyokuwa ameiona kwenye video ya msanii mmoja wa Ulaya. Deni bado linamfuata. Mashine iko chini ya kitanda, imefungwa kwa leso ili isiingie vumbi.

Si yeye pekee. Ukiingia mitandaoni utapata vijana wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na hata Kapenguria wakibishana usiku kucha kuhusu nani anatumia kifaa gani. Video za wasanii wakizungusha kamera studioni hutazamwa kuliko nyimbo zenyewe. Kila video ikitoka, kuna msee ataandika orodha ya vifaa vyote chini yake kabla ya saa moja kuisha. Na kila orodha ikitoka, kuna mwingine anaanza kupiga hesabu atauza nini.

Nisieleweke vibaya. Kutambua vifaa ni ujuzi, na una raha yake. Anayejua kazi hiyo haangalii jina, anaangalia umbo na rangi. TR-808 ya Roland, kwa mfano, ina safu ya vitufe 16 chini yake ambavyo vinaanzia rangi nyekundu, vinaingia chungwa, kisha manjano, halafu vinaishia nyeupe. Ukiiona hata kwa mbali kwenye picha yenye giza huwezi kuikosa. TB-303 ni kisanduku kidogo cha rangi ya fedha, utadhani redio ya babu. Programu nazo zinajitambulisha kwenye skrini: FL Studio ina ile gridi ya vitufe vya hatua ambayo kila mtoto wa gengetone anaijua, nayo Ableton Live ina visanduku vyake vya rangi vilivyopangwa kama soko la mitumba lililonyooka.

Shida huanza pale mtu anapodhani kwamba akishajua jina la kifaa, ameshajua siri ya wimbo.

Chukua hiyo 808 yenyewe. Roland waliianza mwaka wa 1980 na kufikia 1983 walikuwa wameiacha. Zilitengenezwa kama 12,000 tu. Sasa jiulize: ngoma ngapi unazosikia kwenye matatu zina ile besi nzito inayotetemesha kioo, ile ambayo kila prodyusa anaiita “808”? Ni maelfu kwa maelfu. Karibu zote hazijawahi kukaribiana na mashine hiyo. Ni sampuli: mtu alirekodi sauti ya mashine miaka mingi iliyopita, zikasambazwa, zikanakiliwa, zikaongezwa uzito, zikafika kwenye kompyuta ya kijana wa Kayole bila hata shilingi kumi kutoka. Masikio yako yamekwambia ukweli kwamba hiyo ni 808. Lakini ukitoka hapo kwenda kutafuta mashine yenyewe, ambayo leo inauzwa kwa maelfu ya dola kwa sababu imekuwa kitu cha wakusanyaji, utakuwa umekimbilia kitu ambacho hata aliyekuvutia hana.

TB-303 ndiyo kisa kitamu zaidi. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya themanini, ikikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake bila mpiga besi. Ilifeli. Haikufanana na gitaa la besi hata kidogo, na kuipangia noti kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Kufikia 1984 Roland walikuwa wameachana nayo, na zile zilizokuwa madukani zikauzwa kwa bei ya kutupa. Ndipo vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture, DJ Pierre akiwa mmoja wao, wakaipata moja ya mtumba, wakaanza kuzungusha vitufe vyake huku inacheza, ikalia kama kitu kinachokanyagwa mkia. Mwaka wa 1987 wimbo wao “Acid Tracks” ukatoka, na mtindo mzima wa asidi hausi ukazaliwa.

Ebu tazama mpangilio wa matukio hapo. Hawakununua kifaa kwa sababu mtu maarufu alikuwa nacho. Walinunua kwa sababu hakuna aliyekitaka. Leo mtu anatafuta 303 ili asikike kama Phuture, ilhali Phuture walisikika hivyo kwa kuwa walikuwa na pesa kidogo na muda mwingi. (Kwa wale ambao lazima wawe nayo, Behringer walitoa nakala yake, TD-3, mwaka wa 2019 kwa sehemu ndogo sana ya bei ya ile ya asili. Nimeisema, sasa msinisumbue.)

Halafu kuna wasanii ambao wenyewe wamefungua mlango. Mwaka wa 2017 Four Tet, Mwingereza ambaye tamasha zake hujaza kumbi kubwa, aliweka mtandaoni picha ya mahali alipotengenezea albamu yake “New Energy”. Watu walitarajia ukuta wa sinthesaiza na nyaya kama za transfoma. Walichokiona ni meza, kipakatalishi, skrini moja, spika mbili na dirisha lenye miti nje. Picha ilienea kama moto wa nyikani. Wengi walicheka, wengine wakakasirika, kana kwamba wamedanganywa. Wamedanganywa na nani? Mtu amewaonyesha alichotumia!

Burial naye, ambaye albamu yake “Untrue” ya 2007 bado inatajwa miongoni mwa kazi bora za muziki wa elektroniki wa karne hii, alieleza kwamba kazi zake za mwanzo alizitengeneza kwa Sound Forge, programu ya kukatakata sauti ambayo haina hata gridi ya kupangia midundo. Alikuwa akitazama mawimbi ya sauti kwenye skrini na kuyapanga kwa jicho na sikio. Ndiyo maana midundo yake inachechemea vile. Ukitumia programu ghali inayonyoosha kila kitu, utapata kila kitu kimenyooka.

Upande wa pili yuko Aphex Twin, ambaye kwenye albamu yake “Syro” ya 2014 alichapisha orodha ya vifaa vyake, ndefu kuliko foleni ya Huduma Centre, na kwenye jalada akaweka hata gharama za kuitengeneza na kuitangaza albamu hiyo. Hapo una orodha kamili, kutoka kwa msanii mwenyewe, bila kukuza picha. Je, kuna aliyewahi kusikika kama Aphex Twin kwa kununua vitu vilivyo kwenye orodha ile? Mimi sijamsikia.

Jukwaani mambo yanazidi kuchanganya. Vifaa vya jukwaani na vya studio si kitu kimoja, na wengi wa wanaopekua picha hawatofautishi. Daft Punk walipopanda Coachella mwaka wa 2006 ndani ya piramidi ya taa, dunia nzima ilibaki ikijiuliza ndani mle mna nini. Baadaye ikajulikana: kompyuta zinazoendesha Ableton Live, sinthesaiza za Moog, na vidhibiti vya Behringer BCR2000. Hicho cha mwisho kilikuwa kidhibiti cha bei nafuu, cha aina ambayo mwanafunzi angeweza kununua. Taa na piramidi ndizo zilizokula pesa.

Na usisahau maneno ya Deadmau5. Mwaka wa 2012 aliandika waziwazi kwamba kwenye maonyesho makubwa yeye na wenzake hubonyeza tu kitufe cha kuchezesha, kwa kuwa taa, video na muziki vimefungwa pamoja tangu nyumbani. Alitukanwa sana, ingawa ma-DJ wengine walikiri chinichini kwamba hakudanganya. Kwa hivyo ile meza yenye vifaa sita unayoiona kwenye video, huenda viwili vinafanya kazi na vinne vimekuja kupigwa picha. Kampuni nyingi huwapa wasanii wakubwa vifaa, au huwapunguzia bei, ili vionekane. Hilo ni tangazo la biashara kama mabango ya Thika Road, tofauti ni kwamba hili hukujua unalitazama.

Sasa turudi nyumbani, maana jibu la swali hili limekaa karibu kuliko tunavyodhani.

Singeli imetoka katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam. Mdundo wake unapita mapigo 200 kwa dakika, kasi ambayo ikichezwa kwenye harusi huku kwetu wazee wataomba maji. Studio ya Sisso kule Mburahati ndiyo iliyotoa kazi nyingi zilizokusanywa katika “Sounds of Sisso”, albamu iliyotolewa mwaka wa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Tangu hapo wasanii wake wamezunguka matamasha ya Ulaya, na wapenzi wa vifaa kule Berlin na London wakaanza kuuliza swali lilelile ambalo kijana wetu anauliza kuhusu wao: jamani, mnatumia nini?

Jibu liliwashangaza. Kompyuta za kawaida, FL Studio, na Virtual DJ. Ndiyo, Virtual DJ ileile ambayo DJ wa estate yenu anatumia kwenye besdei. Maprodyusa wa singeli walichukua kipande cha taarabu au mchiriku, wakakizungusha, wakakiongeza kasi kuliko ambavyo mtengenezaji wa programu aliwahi kufikiria, na hilo ndilo likawa sauti yao. Walifanya na programu ya kuchanganya nyimbo kile Phuture walichofanya na kisanduku cha besi kilichofeli.

Hapa kwetu Kenya kuna KMRU, jina halisi Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu. Albamu yake “Peel” ilitolewa mwaka wa 2020 na Editions Mego, lebo inayoheshimika mno katika muziki wa majaribio. Sehemu kubwa ya kazi yake inaanza na kinasa sauti: anatoka nje, anarekodi mazingira, kisha anarudi kuyafinyanga kwenye kompyuta. Ukikuza picha yake utatambua vifaa, sawa, lakini hutaona alisimama wapi, saa ngapi, wala alisikia nini kabla ya kubonyeza kitufe.

Ningekuwa na dakika kumi na kila kijana anayetaka kukopa, ningemwomba ajibu swali moja: hiki kifaa kinakufanyia nini ambacho ulichonacho hakiwezi? Wakati mwingine jibu lipo. Mtu anayeimba anahitaji maikrofoni nzuri, na hakuna programu itakayompa. DJ anayeitwa kwenye klabu lazima awe amegusa CDJ za Pioneer, kwa kuwa ndizo atakazozikuta pale, na afadhali akodishe za kufanyia mazoezi kuliko kununua. Spika au hedifoni zinazosema ukweli zina faida kuliko sinthesaiza tatu. Lakini “kwa sababu fulani anayo” si jibu.

Kuhusu programu, mengi yanapatikana bila kuiba wala kukopa. Toleo la majaribio la FL Studio halina kikomo cha siku na linakuruhusu kutoa wimbo uliokamilika, ingawa mradi uliohifadhi hutaweza kuufungua tena hadi ulipie. Ukishalipa, masasisho ni ya bure maisha yote. Ableton Live Lite huja pamoja na vidhibiti vingi vidogo. Reaper inakupa siku 60 za kuijaribu, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Na kwa mwenye simu tu, Steve Lacy alitumia GarageBand ya iPhone kutengeneza sehemu ya biti ya “Pride” ya Kendrick Lamar, albamu ya “DAMN.”, 2017. Ngoma za mwanzo za “Umbrella” ya Rihanna nazo ni kipande kilichokuja tayari ndani ya GarageBand, ambacho kila mwenye kompyuta ya Apple wakati huo alikuwa nacho. Wengi walikipita tu.

Nilimwambia kijana wetu haya yote. Alinisikiliza akiwa ametega sikio moja, lile jingine likiwa na hedifoni. Kisha akaniuliza kama namjua mtu anayeweza kununua mashine yake, kwa sababu mamake anataka pesa za chama kabla ya zamu yake kufika tena mwezi ujao. Nilimwambia aiweke mtandaoni, apige picha nzuri. Akaitoa chini ya kitanda, akaifungua ile leso, akaipanga mezani kando ya kompyuta na taa nyuma yake. Kusema kweli, ilipendeza. Picha haijamaliza hata saa moja, ujumbe wa kwanza ukaingia. Hakuwa mnunuzi. Alikuwa kijana mwingine, kutoka Nakuru, akiuliza: “Bro, hizo spika zako ni za aina gani?”