Ukoo wa Mbuni wa Mibirizi

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wilayani Rusizi, katika mkoa uliojulikana zamani kama Cyangugu, upo mmea ambao asili yake yafaa kusimuliwa watoto wakati wa jioni. Nao ni mbuni uitwao Mibirizi, ambao umechukua jina la mahali mapadri wa Kikatoliki walipofungua misheni mwaka 1903.

Ukoo wake umesafiri mbali. Chimbuko la kahawa hii ni misitu ya Uhabeshi. Kutoka huko ilivushwa hadi Yemeni, na mwanzoni mwa karne ya 18 Wafaransa waliitoa Yemeni wakaipeleka katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Uzao wake ulienea Amerika, na mwanzoni mwa karne ya 20 mbegu kutoka Guatemala zikaoteshwa misheni ya Mibirizi.

Mibirizi inaye ndugu nchini Rwanda aitwaye Jackson, aliyerithi jina la mwenye shamba mmoja wa Mysore, India. Lakini mbuni wa Rusizi haukupewa jina la mkulima hata mmoja. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwashurutisha wakulima kupanda kahawa. Hivyo babu alipanda kwa amri. Mwanawe akaja kuitegemea kwa karo, chumvi na mabati.

Leo mibuni mingi imezeeka, na Mibirizi hushambuliwa kwa wepesi na kutu ya majani. Kijana huona heri kuing'oa yote. Hata hivyo, shina kuukuu lenye mizizi mizima laweza kukatwa karibu na ardhi, yakaachwa machipukizi mawili au matatu yaliyo bora, kisha likapewa samadi na matandazo. Kabla ya kumenya buni, mama na watoto wazitie majini na kuziondoa zinazoelea, kwani nyingi huwa zimetobolewa na wadudu. Mdudu aitwaye antestia huhusishwa na ile ladha ya kiazi kibichi inayoshusha bei.

Na kabla shoka halijashika shina, mzee wa nyumba aulizwe ni nani aliyelipanda. Jibu liandikwe katika daftari la familia. Vitabu vimehifadhi jina la mahali. Jina la mpandaji ni amana ya wajukuu wake.