Tuhesabu Watoto, Si Pakiti

Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa Kasongo, mkoani Maniema, Kongo, juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Watafiti hawakuridhika na idadi ya waliochanjwa. Waliuliza kama mtoto aliyeepushwa na surua huendelea kuishi, au hufa baadaye kwa ugonjwa mwingine. Tahariri hii inataka swali hilohilo liulizwe Lusangi, katika mkoa huohuo, kuhusu serumu ya kunywa, yaani pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji ili kumrudishia anayehara maji aliyopoteza.

Nguvu ya serumu haina shaka. Sumu ya kipindupindu huteka AMP ya mzunguko, ishara ambayo homoni nyingi huitumia kufikisha amri ndani ya seli. Utumbo uliotekwa hivyo humwaga maji mfululizo. Hata hivyo, mlango unaopitisha sukari pamoja na sodiamu hubaki mzima, na maji hufuata humo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliutumia mlango huo kwa kuwanywesha wagonjwa serumu, na vifo vikashuka kutoka takriban 30 hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100.

Mwili nao hujitetea. Homoni ya vasopresini huziamuru figo zibane maji. Nyingine, aldosteroni, huokoa sodiamu, lakini hupoteza potasiamu. Hiyo ni sababu mojawapo ya pakiti kuwa na potasiamu, ambayo chumvi na sukari za jikoni hazina. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali mambo hubadilika: mwili wake umelimbikiza sodiamu, umepungukiwa potasiamu, na moyo wake hauhimili maji mengi kwa mkupuo. Huyo huandaliwa serumu maalumu iitwayo ReSoMal, yenye sodiamu pungufu na potasiamu zaidi. Akipatwa na kipindupindu, hupewa serumu ya kawaida. Anayegawa pakiti bila kupima unene wa mkono wa mtoto na kutazama kama miguu imevimba hajui anamtibu nani.

Kwa hiyo ripoti ya pakiti zilizogawiwa katika maeneo haya ya Kasongo na Kabambare haitutoshi. Tunawataka viongozi wa afya na wafadhili wamfuate mtoto hadi nyumbani: miezi sita baada ya kuhara, yu hai? Anakula? Ameongeza uzito? Ikiwa sivyo, watafute kilichokosekana, kama ni zinki ya siku 10 hadi 14, chakula au maji safi, kisha wakilete.