Cha Asili Nacho Huua

Sabuni isiyo na kemikali haijapata kutengenezwa. Mafuta ya nazi hayageuki sabuni mpaka yachanganywe na alkali kali kama kostiki soda, kitu kinachobabua mikono ya mtengenezaji asiyevaa glavu. Hata hivyo maneno “haina kemikali” yanauza sabuni kila kukicha, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba cha shambani ni salama na cha kiwandani ni sumu. Imani hiyo ni ya uongo, na inaua watu.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi. Mengi yalikuwa mahindi ya mashamba yao wenyewe. Yalihifadhiwa na unyevu, yakaota ukungu, na ukungu ukazaa sumukuvu, ambayo hushambulia ini na haiishi kwa kusonga ugali. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo ikaua watu Dodoma na Manyara. Hakuna kiwanda kilichohusika. Bibi zetu walilijua hili: mihogo michungu ina sianidi, ndiyo maana waliiloweka na kuianika kabla ya kuitwanga.

Kipindupindu kinapoingia mtaani, wapo wanaokataa kutia klorini kwenye maji ya kunywa, eti ni kemikali, kisha wanakunywa maji ya kisima kilicho jirani na choo. Klorini iliyopimwa huua vijidudu na kumwacha mnywaji salama. Lakini dawa ya madoa yenye klorini ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi, hutoka gesi inayounguza mapafu. Tuulize basi: ni kitu gani, kiasi gani, na kimekutana na nini?

Simlaumu mnunuzi mwenye hofu. Ameshauziwa mkorogo wa kung’arisha ngozi wenye zebaki (nayo hutoka ardhini, ya asili kabisa) licha ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wa kudhibiti zebaki. Ninaowashutumu ni wafanyabiashara wanaoichuma hofu hiyo kwa kuchora jani la kijani kwenye chupa. Wengi huchora tu, bila mtu kuwapima. Alama zenye maana ni zile za Umoja wa Mataifa za kuonya hatari ya kemikali, ndani ya mraba uliosimama kwa pembe, wenye mpaka mwekundu: fuvu la kichwa, mkono unaoliwa na asidi, samaki aliyekufa kando ya mti mkavu. Hizo ndizo mtoto wa shule ya msingi angepaswa kuzisoma kama anavyosoma saa.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukataza bidhaa kujiita rafiki wa mazingira bila ushahidi. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, nayo yadai ushahidi huo, na asiye nao alifute jani lake kabla chupa haijafika dukani.