Sossusvlei: Kinachouzwa ni Saa Moja, si Kitanda

Msafiri anayepanga kwenda Sossusvlei, katika jangwa la Namib nchini Namibia, hukutana na orodha ndefu ya malazi: hoteli za kifahari, nyumba za wageni katika mashamba, viwanja vya kupiga hema. Wengi hulinganisha bei za usiku mmoja na kuchagua iliyo chini. Hesabu hiyo ina kasoro, kwani bidhaa inayouzwa pale hasa si kitanda, bali ni muda.

Sossusvlei imo ndani ya Hifadhi ya Namib-Naukluft, zaidi ya kilomita 300 kutoka Windhoek, na sehemu kubwa ya njia ni ya changarawe. Lango liko Sesriem. Kutoka hapo hadi kwenye vilima vya mchanga ni kilomita 60 hivi, na kilomita 5 za mwisho ni mchanga mtupu unaohitaji gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Lango la nje hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapotua. Waliolala ndani huruhusiwa kuondoka saa moja kabla ya jua kuchomoza, na kurudi saa moja baada ya kutua. Aliyelala nje huanza safari wakati jua limekwishatoka. Akitumia saa nzima barabarani, atafika huku vivuli vilivyomtoa kwao vimeanza kufifia na mchanga umeanza kuchemka. Katika miezi ya kiangazi cha huko, Desemba hadi Februari, joto la mchana huweza kupita nyuzi 40.

Kwa hiyo unafuu wa bei ya nje mara nyingi ni wa karatasini. Mgeni aliye kilomita 40 kutoka langoni husafiri kilomita 80 za ziada kwa kwenda na kurudi, pamoja na mafuta na hatari ya pancha. Solitaire, iliyo kilomita 80 hivi kutoka Sesriem, inamfaa anayekata safari njiani, si anayewinda alfajiri. NamibRand, hifadhi binafsi iliyo kusini, ilitambuliwa mwaka 2012 kwa giza la anga lake. Anayetaka nyota na utulivu hapotezi fedha zake huko.

Kwa mwenye mfuko mdogo, jibu ni hema ndani ya lango la Sesriem. Saa ile ya ziada hawapewi wenye vyumba vya kifahari peke yao. Mwenye hema naye anaipata.

Lipo suala lingine linalostahili kuangaliwa na wanauchumi. Kiwanja cha Sesriem na hoteli ya Sossus Dune Lodge vinaendeshwa na Namibia Wildlife Resorts, kampuni ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Serikali hiyo hiyo ndiyo inayoshika ufunguo wa lango. Hoteli binafsi za nje hulazimika kushindana kwa chakula, mabwawa ya kuogelea na waongozaji hodari. Walio ndani wana bidhaa isiyo na mshindani, na muuzaji wa namna hiyo hushawishika kusahau huduma.

Dawa si kumfungulia kila mtu lango usiku. Barabara ile hukatizwa na choroa na swala, na mwendo wa magari mengi gizani ni ajali inayosubiri siku. Wala si kujaza vitanda ndani, kwani uhaba huo ndio unaolinda mchanga ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2013. Kinachotakiwa ni walio ndani kupimwa kwa usafi, maji na mapokezi kama wanavyopimwa walio nje, na viwanja vya hema visigeuzwe vyote kuwa vyumba vya matajiri. Siku hema litakapokosa nafasi ndani ya lango, alfajiri ya Namib itakuwa mali ya wachache.

Kwa msafiri ushauri ni mfupi: aweke nafasi Sesriem miezi kadhaa kabla, hasa kwa Julai hadi Oktoba, kwani nafasi za ndani ni chache. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.