Neno Geni Lisikutie Hasara

Kijana mmoja wa Masisi, ambaye sasa yuko Uganda, alituomba tumsahihishie barua aliyoiandika kwa Kiingereza kueleza safari ya jamaa yake. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: “In 2023 I was a refugee in Mweso.” Sarufi yake haina kosa hata moja. Walakini sentensi hiyo haisemi kweli, tena yaweza kumdhuru mwenyewe.

Kosa limetoka wapi? Limetoka katika mazoea yetu ya Kiswahili. Sisi humwita mkimbizi kila aliyeacha nyumba yake kwa hofu ya vita, awe amelala katika darasa la kijiji cha jirani, awe amefika nchi ya watu. Kiingereza cha ofisini hakikubali hivyo: mpaka wa nchi ndio unaoyagawa maneno. Aliyekimbia toka Walikale akafika Masisi angali ndani ya nchi yake. Huyo ni “displaced person”, yule tuliyezoea kumwita déplacé kwa Kifaransa. Aliyevuka mpaka akaomba hifadhi, naye hajajibiwa bado, ni “asylum seeker”. Aliyekwisha kukubaliwa huandikwa “refugee”. Wala tofauti hii si ya walimu peke yao. Mkimbizi aliyevuka mpaka ana Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951, na yale ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya mwaka 1969. Aliyehama ndani ya nchi yake anatajwa katika Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009.

Sasa mfikirieni karani asomaye barua ile. Aona kwamba kijana alikuwa “refugee” mwaka 2023, hali alivuka mpaka mwaka 2024. Atauliza: Je, alikimbilia nchi gani kwanza? Kijana akijibu vingine kuliko alivyoandika, atadhaniwa mwongo. Kumbe hakudanganya, alikosa neno tu. Basi tuliandika naye hivi: “In 2023 we were displaced from our village to Mweso. In 2024 we crossed into Uganda and asked for asylum.” Angalieni, kila jambo lina mwaka wake, na kila neno liko mahali pake.

Yako pia maneno ya kwetu ambayo msomaji wa Kampala hayajui, kama chefferie. Usiyaache bila maelezo. Taja jina, ulieleze papo hapo: “Bashali, a chiefdom in Masisi territory”. Kisha shika neno lilo hilo mpaka mwisho. Ukiandika “district” mstari unaofuata, msomaji atadhani umetaja mahali pengine.

Hata mawe yana majina yake. Wengi huandika “coltan” kwa kila jiwe la thamani. Rubaya katika Masisi hutoa koltani, kweli. Bali Bisie katika Walikale hutoa kasiteriti, yaani mawe ya bati. Atakayeandika “the coltan of Bisie” amechanganya mali mbili.

Wazazi, mtoto akileta neno geni toka shuleni, msiridhike na maana yake tu. Mwambieni alitie katika sentensi ihusuyo nyumba yenu, kisha mmwulize: Je, ndivyo ilivyokuwa? Kuuliza si ujinga.